Msimamo wa mbunge wa jimbo kuhusu kodi na matumizi: jinsi ya kuusoma, kwa mfano wa Kansas

Mwaka 2013 Bunge la Kansas lilipitisha kiwango kipya cha kodi ya mauzo: asilimia 6.15. Wabunge waliosema ndiyo walirudi kwa wapiga kura wao na habari kwamba wamepunguza kodi, kwa kuwa siku hizo dukani ilikuwa ikitozwa asilimia 6.3. Wapinzani wao wakasema hao hao wameongeza kodi, kwa kuwa sheria ya mwaka 2010 ilikwisha kuagiza kiwango kishuke chenyewe hadi 5.7 ifikapo tarehe 1 Julai 2013. Kura ni ile ile, namba ni zile zile, na hakuna upande uliosema uongo. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Ndiyo maana kipeperushi cha kampeni hakimsaidii mtu anayetaka kujua mbunge wake anasimama wapi. Karibu kila mgombea husema kodi zishuke na fedha za umma zisichezewe. Maswali yenye kuzaa jibu ni mawili: zimeshuka ukilinganisha na nini, na pengo linalobaki litazibwa kwa fedha ya nani? Majibu yake yamo katika kumbukumbu za kura. Kansas ni darasa zuri kwa sababu kati ya 2012 na 2017 ilipunguza kodi kwa kishindo, ikaishiwa, kisha ikazipandisha tena, na kila hatua ina orodha ya majina ya waliosema ndiyo na waliosema hapana. Wichita na Kansas City pia zina wasemaji wa Kiswahili wa kutosha, wengi wao Wakongo waliofika kama wakimbizi, na baadhi yao sasa ni raia wenye haki ya kupiga kura.

Mbunge wa jimbo ana nguvu kiasi gani

Tunaposema jimbo hapa ni mojawapo ya yale 50 yanayounda Marekani, si eneo la uchaguzi kama lile la mbunge wa Dodoma. Mkenya huenda akamfikiria diwani wa kaunti, yule MCA. Hapo atakosea, maana kaunti ya Kenya, kwa ibara ya 209 ya Katiba, imeachiwa kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani na zile tu ambazo sheria ya Bunge inairuhusu. Mbunge wa Kansas anapanga kodi ya mapato, kodi ya mauzo, kodi ya sigara, na masharti ya kodi ya nyumba, yote bila kuomba ruhusa Washington.

Baraza la Wawakilishi lina viti 125 na muhula wa miaka 2. Seneti ina viti 40 na muhula wa miaka 4. Muswada wa kodi unapita kwa kura 63 upande mmoja na 21 upande wa pili, sawa na muswada mwingine wowote. Si kila jimbo liko hivyo. California inataka theluthi mbili ili kuongeza kodi, na Colorado tangu 1992 katiba yake inalazimisha nyongeza ya kodi iidhinishwe na wananchi wenyewe. Kwa hiyo hapana ya mbunge wa California ina uzito kuliko hapana ya mwenzake wa Kansas, hata wakiwa wote wawili wameapa kutoongeza kodi. Gavana akiukataa muswada kwa turufu, kulishinda turufu lake kunahitaji theluthi mbili: kura 84 na 27. Namba hizi mbili zishike, tutazirudia.

Bunge linafunguliwa Jumatatu ya pili ya Januari. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Jimbo haliwezi kuendelea mwaka hadi mwaka kwa kukopa fedha za mishahara kama ifanyavyo serikali ya Washington, kwa hiyo kila dola iliyoondolewa kwenye kodi lazima iondolewe kwenye matumizi, itoke kwenye akiba, au itafutwe kwenye kodi nyingine. Makadirio ya mapato hayafanywi na wanasiasa. Mara mbili kwa mwaka, Novemba na Aprili, hukaa wataalamu wa ofisi ya bajeti, idara ya mapato, kitengo cha utafiti cha Bunge na wachumi wa vyuo vikuu, wakakubaliana namba moja. Mbunge anayesema mwezi Machi kwamba fedha zipo anasema kwa namba za Novemba. Namba za Aprili zikija na upungufu, hotuba yake inakuwa imechacha.

Na fedha zenyewe zinakwenda wapi? Karibu nusu ya Mfuko Mkuu wa Jimbo ni shule za msingi na sekondari. Ongeza bima ya afya ya Medicaid, vyuo vikuu na magereza, kinachobaki ni kidogo. Ndiyo maana ahadi ya kubana matumizi bila kugusa shule wala wagonjwa inapaswa kuulizwa mara mbili.

Kura ya 2012 na mtego wa ndiyo

Mwaka 2012 Gavana Sam Brownback, Mrepublican, alitaka kodi ya mapato ishushwe na hatimaye ifutwe. Muswada uliobeba jambo hilo ulikuwa HB 2117 (HB ni muswada wa Baraza la Wawakilishi, SB ni wa Seneti). Seneti, nayo ya Warepublican kwa wingi mkubwa, iliukataa mwanzoni: kura zilifungana 20 kwa 20, na zilihitajika 21. Kisha baadhi ya maseneta wakaombwa waufufue. Hoja ilikuwa kwamba ukipita utakwenda kwenye kamati ya maridhiano ya mabaraza mawili, na huko utapunguzwa makali. Wakapiga kura upya, ukapita 29 kwa 11.

Maridhiano yale hayakuzaa kitu. Mwezi Mei, Baraza la Wawakilishi liliamua kuuchukua muswada wa Seneti kama ulivyo, likaupitisha kwa 64 dhidi ya 59, na gavana akautia saini. Waliosema ndiyo wakidhani ni kura ya kusogeza mazungumzo walijikuta wamepitisha sheria.

Kisa hiki kinaeleza kwa nini orodha ya kura peke yake haitoshi. Seneta aliye katika wale 29 anaweza kuwa alitaka kodi ifutwe kabisa, au anaweza kuwa alitaka nafuu ndogo na akazidiwa ujanja. Ili kuwatofautisha unatazama kura ya kwanza ya siku ile, ile ya 20 kwa 20. Unatazama pia maelezo ya kura: Kansas inamruhusu mbunge kuandika sababu fupi ya kura yake, ikachapwa katika jarida la kikao. Watu wachache huyasoma maelezo hayo, na mara nyingi ndimo mbunge anamosema wazi kuliko kwenye mkutano wa hadhara.

Somo la pili la HB 2117 limo katika karatasi ya makadirio ya fedha inayoambatana na kila muswada. Mwaka wa kwanza gharama ilionekana ndogo, dola milioni 231. Kufikia mwaka wa 6 ilizidi milioni 900. Sababu ni ya kalenda: viwango vipya vilianza Januari 2013 na mwaka wa fedha ukaisha Juni, hivyo safu ya kwanza ya jedwali ilibeba miezi 6 tu. Wanaouza muswada hutaja safu ya kwanza. Wewe soma ya mwisho.

Nani alisamehewa

Sheria ilipunguza viwango vya kodi ya mapato kutoka ngazi 3 (asilimia 3.5, 6.25 na 6.45) hadi 2 (asilimia 3.0 na 4.9). Hilo ni punguzo la kawaida. Kilichokuwa kigeni ni kifungu cha pili: mapato ya biashara yanayopita moja kwa moja kwa mwenyewe, kama ya LLC (kampuni yenye dhima ya kikomo), ubia, au mtu binafsi mwenye duka au shamba, yalisamehewa kodi ya jimbo yote. Asilimia sifuri.

Chukua watu wawili wasio na wenzi, kila mmoja akiwa na mapato ya kutozwa kodi ya dola 60,000. Wa kwanza ni muuguzi aliyeajiriwa hospitalini. Chini ya viwango vya zamani alilipa 525 kwa dola 15,000 za kwanza, 937.50 kwa 15,000 zinazofuata, na 1,935 kwa 30,000 za juu: jumla dola 3,397.50. Chini ya viwango vipya ni 450 na 2,205, jumla 2,655. Ameokoa dola 742.50. Wa pili ana lori lake mwenyewe analiendesha kwa jina la LLC. Alikuwa akilipa 3,397.50 zile zile, sasa halipi hata senti.

Hesabu hii ndiyo inayotakiwa unapomsikia mbunge akijivunia kwamba alipigia kura punguzo kwa wafanyabiashara wadogo. Sheria haikupima udogo wala ukubwa, na haikudai mtu aajiri yeyote. Ilipima umbo la kisheria la mapato. Wakili au daktari mwenye mamilioni alisamehewa kama mwenye kioski, mradi mapato yapitie kwenye ubia. Msamaha wa namna hiyo una tabia ya kuvuta watu: waliokuwa waajiriwa wanajisajili upya kama wakandarasi, na kundi la wanaosamehewa linavimba kuliko lilivyokadiriwa. Kansas ilishuhudia hivyo. Upande wa pili, ambao hautajwi sana, ni kwamba hasara za biashara nazo zilikoma kupunguzwa kwenye kodi. Mkulima aliyepata hasara mwaka huo alijikuta hana pa kuipeleka.

Kwa wenye kipato kidogo kabisa, sheria hiyo hiyo ilifuta marejesho ya kodi ya mauzo ya chakula waliyokuwa wakipewa. Kura moja, basi, ilikuwa na punguzo, msamaha na nyongeza ndani yake. Anayesema "nilipigia kura punguzo la kodi" amesema theluthi moja ya habari.

Pengo lilizibwa na nini

Mwaka wa fedha 2014 mapato ya kodi yalianguka kwa karibu dola milioni 700, katika mfuko wa takriban bilioni 6. Haki isemwe: sehemu ya anguko hilo haikutokana na sheria ya Kansas. Wawekezaji kote Marekani walikimbilia kuuza hisa zao mwishoni mwa 2012 kabla kodi ya Washington haijapanda, na hilo liliyanenepesha mapato ya mwaka uliotangulia. Lakini mwaka uliofuata fedha hazikurudi. Mwaka 2014 Moody's na Standard & Poor's kampuni mbili zinazopima uwezo wa wakopaji kulipa madeni, zilishusha daraja la Kansas la ukopaji.

Kuanzia hapo tazama mbunge alipiga kura gani katika mambo ambayo hayaitwi kodi. Fedha za barabara zilihamishwa kwenda Mfuko Mkuu mwaka baada ya mwaka, mpaka watu Topeka, makao makuu ya jimbo, wakaanza kuiita idara ya barabara benki. Mwaka 2016 mchango wa mfuko wa pensheni za watumishi, karibu dola milioni 97, uliahirishwa kwa ahadi ya kuulipa na riba ya asilimia 8. Sheria ya jimbo inayotaka akiba ya asilimia 7.5 mwishoni mwa mwaka iliwekwa kando. Yote haya ni maamuzi ya kodi kwa mlango wa nyuma: anayeahirisha pensheni kwa riba ya asilimia 8 amekopa kwa bei ghali, na deni litalipwa na walipa kodi wa kesho.

Mwaka 2015, baada ya kikao kilichozidi siku 110, Bunge liliongeza kodi waziwazi. Kodi ya mauzo ilipanda kutoka 6.15 hadi 6.5, na ya sigara iliongezwa senti 50 kwa pakiti, ikafika dola 1.29. Msamaha wa LLC haukuguswa. Mbunge aliyesema ndiyo siku ile alikuwa ameeleza msimamo wake kwa ufasaha kuliko hotuba yoyote: fedha zinahitajika, na zitoke kwa mnunuzi. Wakati huo chakula dukani kilitozwa kiwango kizima. Familia inayotumia dola 8,000 kwa mwaka kwa chakula ililipa jimbo dola 520, iwe ina kipato cha 25,000 au 250,000.

Viapo viliwabana wengi. Shirika la Americans for Tax Reform, lililoanzishwa na Grover Norquist mwaka 1985, huwaomba wagombea watie saini ahadi ya kupinga jitihada zozote za kuongeza kodi. Aliyetia saini anabaki na njia chache pengo linapotokea: kukata, kuhamisha, kuahirisha, au kuongeza ada. Ada ya leseni, ya kuegesha, ya karo ya chuo kikuu, hakuna inayoitwa kodi. Kwa hiyo ukikuta jina la mbunge wako kwenye orodha ya waapaji, usiishie hapo. Angalia karo za vyuo vya jimbo na fedha za barabara zimekwenda vipi chini ya bajeti alizozikubali.

Kura mbili za 2017

Uchaguzi wa 2016 uliwaondoa wahafidhina kadhaa wa chama tawala, nafasi zao zikachukuliwa na Warepublican wa wastani na Wademokrat. Februari 2017 Bunge lilipitisha muswada wa kurudisha kodi ya mapato, HB 2178. Gavana akapiga turufu. Baraza la Wawakilishi likalishinda turufu kwa 85 dhidi ya 40, lakini Seneti ilipata 24 tu kati ya 27 zilizohitajika, ukafa.

Mwezi uliofuata Mahakama Kuu Kabisa ya Kansas, katika kesi ya Gannon, iliamua kwamba fedha za shule hazitoshelezi matakwa ya katiba. Sasa hapana ya mbunge ilikuwa na bei inayohesabika. Mwezi Juni ukaja SB 30: msamaha wa LLC ufutwe, viwango virudi ngazi 3, na kufikia 2018 viwe 3.1, 5.25 na 5.7. Makadirio yalikuwa dola bilioni 1.2 katika miaka 2. Gavana akapiga turufu tena. Safari hii Baraza lilipata 88 dhidi ya 31, na Seneti 27 dhidi ya 13. Ishirini na saba kamili. Seneta mmoja angebadilika, sheria ya 2012 ingebaki.

Kwa msomaji wa kura, walio muhimu ni maseneta waliosema hapana Februari na ndiyo Juni. Wapinzani wao waliwaita vigeugeu. Tafsiri iliyo karibu zaidi na ushahidi ni kwamba msimamo wao ulikuwa na masharti: hawakutaka kodi ya mapato ipande mpaka njia nyingine zikwishe na mahakama iseme. Msimamo wa namna hiyo hauonekani katika swali la ndiyo au hapana la gazeti, na katika mabunge ya majimbo ni wa kawaida kuliko watu wanavyodhani.

Upande wa matumizi ni mgumu zaidi

Kodi ina kiwango, na kiwango hakifichiki. Matumizi yanafichika katika kurasa mia kadhaa za bajeti. Kansas hupitisha bajeti kuu moja, kisha mwishoni mwa Aprili au Mei, wabunge wakirudi kushughulikia turufu, hupitisha nyongeza inayokusanya mabaki yote. Ndani ya bajeti mna masharti madogo madogo: idara fulani isitumie fedha kwa jambo fulani, chuo fulani kipewe milioni kadhaa kikifanya hiki na kile. Mbunge anaweza kuwa amesema hapana kwa bajeti nzima kwa sababu ya sharti moja, au ndiyo kwa sababu mna daraja la kijijini kwao. Gavana ana uwezo wa kufuta kifungu kimojakimoja cha matumizi, na hapo Bunge hupigia kura kila kifungu peke yake. Kura hizo za kifungu kimoja ndizo safi kabisa kwa anayetaka kujua mbunge anathamini nini.

Kuwa macho pia na neno kupunguza. Shule zikiwa na wanafunzi zaidi na gharama za bima zikipanda, fedha zile zile za mwaka jana ni pungufu kwa mwalimu darasani, ingawa mbunge atasema kwa haki kabisa kwamba hajakata kitu. Mwingine ataongeza asilimia 1 wakati bei zimepanda asilimia 4, na ataitwa mbadhirifu na huyu na bahili na yule. Tafuta namba kwa kila mwanafunzi, iliyorekebishwa kwa mfumuko wa bei, kabla hujamwamini yeyote.

Medicaid ni mfano mwingine mzuri. Serikali ya Washington iko tayari kulipa asilimia 90 ya gharama ya kuwaandikisha watu wazima wenye kipato kidogo. Bunge la Kansas lilikubali mwaka 2017, gavana akakataa, na jaribio la kulishinda turufu likapata 81 dhidi ya 44 katika Baraza la Wawakilishi, kura 3 pungufu. Waliokataa walisema asilimia 10 ya jimbo ingekua na Washington ingeweza kugeuka. Waliokubali walisema dola 1 inaleta 9. Msimamo kuhusu matumizi hapa haukuwa wa kiasi cha fedha za Kansas tu, ulikuwa wa imani juu ya ahadi ya Washington.

Kodi ya nyumba: jimbo, kaunti na lawama

Hakuna kodi inayowachanganya wapiga kura kama hii. Nyumba ya kuishi Kansas hutozwa kwa asilimia 11.5 ya bei yake ya sokoni, na kiwango huhesabiwa kwa mili, yaani dola 1 kwa kila dola 1,000 za thamani hiyo. Sehemu kubwa inapangwa na kaunti, jiji na wilaya ya shule. Jimbo lina mili 20 za shule kote Kansas.

Nyumba ya dola 200,000 ina thamani ya kutozwa ya 23,000, na bila msamaha mili 20 zingekuwa dola 460. Msamaha ulikuwa 42,049 za kwanza za bei, na mwaka 2024 Bunge liliupandisha hadi 75,000. Kwa hesabu hiyo mwenye nyumba alishuka kutoka dola 363.29 hadi 287.50. Nafuu ni dola 75.79 kwa mwaka. Sasa nyumba hiyo hiyo ikithaminiwa upya kuwa 220,000, na tuseme viwango vya kaunti, jiji na shule vinafika mili 100, bili ya sehemu hiyo inapanda dola 230 bila diwani yeyote kubadilisha kiwango. Mbunge anasema amekata kodi ya nyumba, mwenye nyumba anaona bili imepanda, na wote wana karatasi za kuthibitisha.

Kuna jambo la kuuliza hapa. Jimbo lilikuwa na mfuko wa kusaidia serikali za mitaa zipunguze kodi ya nyumba, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wabunge waliacha kuutia fedha. Mbunge anayewalaumu makamishna wa kaunti aulizwe alipigaje kura kuhusu mfuko ule. Makamishna nao, tangu sheria ya 2021, lazima waitishe kikao cha hadhara wakitaka kukusanya zaidi ya mwaka uliopita, na taarifa hutumwa nyumbani kwako mwezi Agosti. Usiitupe ukidhani ni tangazo la biashara.

Kukagua kura za mbunge wako

Una wabunge wawili, mwakilishi na seneta, na mipaka ya maeneo yao haifanani. Anza na anwani yako kwenye tovuti ya Bunge la jimbo upate majina yote mawili. Kisha ingia kwa namba ya muswada, usiingie kwa jina la mbunge, kwa sababu ukurasa wa muswada una matoleo yake yote, karatasi ya makadirio ya fedha, muhtasari wa kitengo cha utafiti, na kura kwa majina. Soma muhtasari wa toleo lililopigiwa kura siku hiyo. Kansas ina desturi ya kuutoa utumbo muswada uliokwisha kupita baraza moja na kuujaza mambo mengine kabisa, na muswada uliozaliwa ukihusu leseni unaweza kufa ukihusu kodi ya mapato. Mbunge alaumiwe au asifiwe kwa lile toleo la mwisho.

Kura ya kukubali ripoti ya kamati ya maridhiano haina nafasi ya marekebisho: ni kuchukua yote au kuacha yote. Kura ya marekebisho iliyopigwa kabla yake husema mengi zaidi, lakini mara nyingi hupigwa kwa sauti, na majina huandikwa tu wabunge kadhaa wakidai. Katika kamati pia, kura nyingi haziandikwi kwa majina. Kwa hiyo ukikuta mbunge hana rekodi juu ya jambo fulani, muulize kwa barua pepe alisemaje kamatini, na utaje namba ya muswada. Swali lenye namba hujibiwa vizuri zaidi kuliko swali la "msimamo wako ni upi".

Mgombea mpya hana kura za kukagua. Muulize kodi ipi atakayoigusa kwanza, na mstari upi wa bajeti utakaolipia. Akijibu "ubadhirifu", mwombe ataje idara na kiasi.

Kodi ya chakula inaonyesha jibu zuri linavyofanana. Wabunge wa vyama vyote viwili walikubali iondolewe kwa awamu: asilimia 4 Januari 2023, 2 Januari 2024, sifuri Januari 2025. Tarehe, kiwango na gharama vilijulikana tangu siku ya kwanza. Bado ukinunua unga Wichita utaona asilimia 1 kwenye risiti. Hiyo ni ya kaunti ya Sedgwick, mbunge wako hakuipigia kura.

Aprili 2025 Bunge lililishinda turufu la Gavana Laura Kelly, Mdemokrat, likapitisha sheria ya aina nyingine: kodi ya mapato itashuka hatua kwa hatua hadi asilimia 4 iwapo makusanyo yatazidi kiwango kilichorekebishwa kwa mfumuko wa bei. Hakuna kura itakayopigwa siku kiwango kitakaposhuka. Mbunge atakayechaguliwa mwaka wowote ujao atakuta punguzo linajitekeleza, naye akikaa kimya atakuwa amelikubali. Muulize mgombea wako kama angeuacha utaratibu huo uendelee mwaka ambao makadirio ya Aprili yamekuja pungufu.